Kiu ya Burma

Wiki iliyopita nilikuwa stesheni hapa Tabora nikingoja treni ya Mwanza, imechelewa kama kawaida yake. Pembeni, juani, vijana wa masumbwi walikuwa wakijinoa kwa pambano la Jumamosi na wenzao wa Urambo. Mwalimu wao, askari aliyerudi kutoka vitani Burma, alisimama kivulini na kofia yake ya jeshi.

Kijana mmoja, midomo imemkauka, akaomba maji.

“Maji yanalegeza mwili!” mwalimu akafoka. “Sisi Burma tulipigana kutwa nzima bila hata tone!”

Kijana akarusha ngumi mbili hewani, akapepesuka, akakaa chini bila kuguswa na mtu.

Hapo akasogea mama mmoja aliyeshuka kwenye treni iliyotoka Igalula, na kibuyu cha togwa. Mwalimu alipomwona akavua kofia na kuinamisha macho. Kumbe ni mama mkwe wake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Si ulitusimulia kwamba huko Burma mvua haikukatika, mkilala mmeloa hadi mifupani? Sasa hiyo kiu mngeipatia wapi?”

Vijana wote wakatazama vidole vyao vya miguu. Mkwe habishiwi, hata na askari. Mwalimu akavaa kofia, akatunisha kifua, akanguruma: “Kikosi! Togwa, kunywa!”

Jana nimepita tena. Ndoo ya maji iko katikati ya uwanja, na mwalimu anamweleza mgeni, bila kupepesa macho, kwamba utaratibu huo aliutoa Burma.