Anayekielewa Amefungwa

Hii stori nikiisimulia naonekana mjinga, na sijapata namna ya kuisimulia nisionekane.

Hapa Same, nyuma ya stendi, tuna kijiwe cha karata. Mwamuzi ni mzee fundi baiskeli, maana meza ni yake na karata ni zake. Zamani ubishi ukitokea alikuwa anakata tu: wewe umefungwa, pisha mwingine. Mimi ndiye niliyelalamika. Nikamwambia karata zifunikwe, kila aliyeona aseme mbele za watu, mchezaji asiondoke mezani mpaka hukumu iishe, na sababu itolewe kabla ya hukumu. Akasema sawa, andika. Nikaandika kwenye boksi la sabuni. Nimeishia la saba lakini mwandiko ninao.

Kikabaki Kipare. Tunacheza wawili wawili, na jamaa wa milimani walikuwa wanatajiana karata kwa Kipare, wageni wanatumbua macho. Mimi nilijifanya mtoto wa mjini, Kipare sijui hata cha kuombea maji. Uongo. Nilikuwa nasikia kila neno, nawafunga, wao wanasema nina nyota.

Wageni walipochoka, nikapewa tena niandike. Nikaona nikikataza kuongea, watabishana nani kaongea. Nikaandika: KIPARE KIKISIKIKA MEZANI, ANAYEKIELEWA AMEFUNGWA. Watu wakacheka, nikajiona wakili. Wapare wakaanza kutoka mmoja mmoja, mpaka siku ya kutafuta wawili wa kwenda Makanya kucheza na vijana wa machimbo ya jasi, Mpare mezani nimebaki mimi tu, tena Mpare wa siri.

Mwenzangu alikuwa muuza mitumba, kijana wa Tanga. Hajawahi kuchaguliwa popote, hata timu ya shule walimwekaga kulinda viatu. Siku hiyo alikuja kabisa na jezi ya safari, kaipiga pasi. Tulikuwa tunacheza na mlinzi Mmasai na muuza vocha wa Singida. Ukabaki mkono mmoja wa kuamua nani aende Makanya, na mimi nimeshika turufu tatu.

Ndipo akatokea bibi yangu, kashuka mlimani na kiroba chake cha tangawizi. Akasimama nyuma yangu, akanisalimia Kipare, akaniuliza kama nimekula. Nikakodolea karata. Akarudia, sasa kwa sauti. Nikageuka, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, unamtafuta nani?"

Muuza vocha akanyoosha kidole kwenye boksi. Mzee akasema karata zifunikwe. Mmasai akaeleza alichosikia, muuza vocha akaeleza, hata mwenzangu akaeleza, maskini, akiamini mimi sikijui. Nikaulizwa kama nimeelewa. Nikasema sijaambulia kitu.

Mzee akamgeukia bibi. "Samahani mama, huyu kijana anakijua Kipare?"

Bibi akanitazama kwanza. "Hakijui? Huyu nimembeba mgongoni mimi. Neno lake la kwanza aliomba ndizi, na hakuomba kwa Kiswahili."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akatoa sababu kwanza, kama tulivyokubaliana, taratibu, kidole kinapita kwenye mwandiko wangu neno kwa neno. Nikatafuta pa kubishia, hakuna. Huku namwona bibi anakiinua kiroba peke yake, kinamshinda, anakishusha, anakiinua tena. Nikataka kunyanyuka. Mzee akaniambia kaa, hukumu haijaisha. Na hiyo nayo niliandika mimi.

Ilipoisha, mwenzangu alikuwa anaikunja jezi kwa mikunjo ileile ya pasi. Bibi alishapotea upande wa sokoni. Nilimtafuta huko, nikaambiwa tangawizi kaiuza yote kwa jumla, kapanda gari la mlimani.

Nikarudi kijiweni, sijui kufuata nini. Mzee alikuwa anajaza upepo tairi. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kijana, ungeitika ungefungwa, hukuitika umefungwa. Sasa bibi ulimkana wa nini?"