Maji ya Kumwogeshea Mapendo

Nilipokuwa mtoto kule Kadutu, maua yalikuwa ya Wazungu na ya makaburini. Mtu mwenye akili alipanda maharage. Mama yangu alipanda hibiskusi mlangoni, na majirani wakamcheka hadi wakachoka wenyewe.

Baba ndiye aliyeileta. Alikuwa jardinier, mtunza bustani, kwa Mzungu mmoja kando ya ziwa, na siku ya kupunguza matawi alirudi na vijiti vilivyofungwa katika gunia bichi. Mama alivitoa majani, akavichomeka kwa kuvilaza upande, akavizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Kimoja tu kilishika.

Kisha akazaliwa Mapendo, mdogo wangu. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Kalehe kumwogesha. Kwetu maji ya mtoto mchanga humwagwa kwenye shina la mgomba, ili naye akue na kuacha chipukizi. Bibi alitoka na karai, akatazama huku na huku.

"Mama Nabintu," akamwita mama kwa jina langu, "ndizi iko wapi?"

"Maman, huku cité wakubwa wa mji walishakataza ndizi. Wanasema inaleta mbu."

"Basi ubebe maji mpaka ku ndizi ya wengine. Usimwange ku ile mauwa. Mauwa haizalake kitu. Itamunywa mutoto."

Mama aliitikia kwa heshima. Lakini Bibi alipoondoka mvua zilikuwa nyingi, mlima unateleza, na mama bado hana nguvu za uzazi. Akawa anamwaga palepale mlangoni. Nani angemlaumu? Hibiskusi ikanenepa kuliko mtoto.

Ua la kwanza lilifunguka Jumapili. Wiki hiyohiyo Mapendo alishikwa na homa. Dispensaire walimpa dawa, na akafa mchana mikononi mwa mama.

Sikulia. Watu walijaa uani, nikapewa bugali, nikala, haukuwa na ladha yoyote. Nilitazama lile ua jekundu tu. Mpaka leo nikiitafuta huzuni ya siku ile, nakuta mahali pake pako patupu.

Baba akachukua panga akaliendea shina la hibiskusi. Bibi, aliyekuwa amefika kwa matanga, akamshika mkono. Sote tulingoja aseme kwamba alituonya. Mama aliinamisha kichwa kabisa.

"Wacha, mwana wangu," Bibi alisema. "Maji ya mutoto iko mule. Utamukata mara ya pili?"

Panga likarudi ndani. Tangu hapo mama aliimwagilia hibiskusi ile maji safi, akaipalilia, akaokota maua yaliyonyauka. Masista walipoomba maua ya altare, aliwaambia kwa adabu kwamba yale hayachumwi.

Sasa mimi ndiye bibi. Habari ya mgomba sina hakika nayo. Watoto wengi walikufa kwa homa miaka ile, na mama zao hawakuwa na ua lolote. Hata hivyo mjukuu wangu alipozaliwa nilibeba karai mwenyewe hadi kwenye mgomba wa jirani, na sikumweleza mtu sababu.

Niliporudi nilipita kwenye hibiskusi yangu, iliyotokana na tawi la ile ya mama. Ua moja lilikuwa limefunguka.

"Mapendo, umeamuka?" nikasema, kama ninavyosema kila asubuhi, nikaingia ndani.