Mwaka wa Kumaliza

Damaris alikuwa karani katika shule moja ya kimataifa mjini Doha, na kwa miaka sita alikuwa amewapeleka Marekani vijana kumi na mmoja. Jina lake halikuonekana popote. Aliyetia sahihi barua alikuwa mshauri wa wanafunzi, Bwana Nick. Damaris alikusanya matokeo, akapanga masomo na kuyatuma kwa kituo cha huko kinachoamua ni mwanafunzi gani wa sekondari anastahili kuingia timu ya michezo ya chuo kikuu. Bwana Nick hakujua hata nywila ya tovuti yenyewe.

Kwa hiyo Reuben, dereva wa basi la shule, alipomletea karatasi za binti yake, Damaris hakuona kama ametwishwa mzigo. Phoebe alikuwa nyumbani Nyahururu, akikimbia mita elfu moja na mia tano kwa kasi iliyomfanya kocha wa chuo kimoja amwandikie mwenyewe. Nafasi ipo, kocha alisema, na masomo atalipiwa, mradi kituo kimwidhinishe.

Walikaa ndani ya basi tupu, kiyoyozi kikinguruma, watoto wakiwa darasani. Reuben alitoa hati mbili za mtihani wa kidato cha nne. Ya kwanza ilikuwa D. Ya pili, ya mwaka uliofuata, Phoebe aliporudia katika shule nyingine, ilikuwa B. Ile ya kwanza aliishika kwa vidole viwili, kama soksi chafu.

"Hii tuiache, Madam. Ni aibu ya nyumbani."

"Usiiache, Baba Phoebe. Wazungu wanapenda mtu aliyeanguka akainuka."

"Kumbe unawajua hivyo?"

"Si mimi ninayewalisha karatasi kila mwaka?"

Reuben alicheka, akamwita Waziri wa Marekani. Kufikia mwisho wa juma madereva wote walikuwa wakimsalimia kwa jina hilo, naye, ingawa aliona haya na kuinamisha kichwa, hakulikataa.

Jibu alilikuta Jumapili asubuhi, siku ambayo juma la kazi huanza Doha. Phoebe, kilisema kituo, alimaliza sekondari mwaka ule wa D. Masomo aliyofanya baada ya hapo hayahesabiwi. Hastahili.

Damaris aliisoma mara tatu. Kanuni yenyewe aliijua: saa ya kituo huanza kuhesabu darasa la tisa na hufungwa miaka minne ya sekondari ikiisha. Trevor, mchezaji wa mpira wa kikapu pale shuleni, alipoanguka hesabu katika darasa la tisa, ni yeye Damaris aliyehakikisha amelirudia somo wakati wa likizo ya mwaka ule ule, ili saa hiyo isimpite. Lakini kwa Phoebe hakuiona. Kwao hakuna anayesema kwamba mtu aliyepata D akarudi darasani amemaliza. Husema anarudia, bado hajamaliza. Damaris mwenyewe alirudia, na maisha yake yote alihesabu kuanzia mtihani wa pili. Kwenye fomu ya Phoebe aliandika mwaka wa pili kwa roho safi, kisha akaambatisha kwa mkono wake hati iliyomkanusha.

Alikata rufaa. Aliandika kurasa saba kueleza kurudia ni nini, shule gani hupokea warudiaji, jinsi Phoebe alivyokaa darasani na watoto wa chini yake na kuvumilia kuitwa nyanya. Alijibiwa kwa mistari miwili, wa pili ukimtakia mwanafunzi kila la heri.

Juma hilo hilo Trevor aliidhinishwa. Kulikuwa na keki, na kofia ya chuo mezani. Bwana Nick aliwaambia wazazi kwamba siri ni kuanza mapema. Damaris alikata keki na kugawa vipande.

Reuben alipoambiwa, mikono ilibaki kwenye usukani.

"Kwa hiyo ile D ndiyo iliyommaliza."

Damaris alimwomba msamaha. Reuben alisema hapana, hukukusudia, akawasha basi ingawa muda wa kuondoka ulikuwa bado. Tangu siku hiyo hakuna dereva aliyemwita tena Waziri. Walimsalimia vizuri tu, Madam, na kupisha njia.

Mwezi mmoja baadaye Reuben alimfuata ofisini na fomu nyingine. Kampuni moja ya ulinzi hapo Doha ilikuwa ikitafuta askari wa kike wa kusimama milangoni, na Kiingereza cha Reuben kilikuwa cha barabarani. Damaris alichukua kalamu. Fomu iliuliza urefu, uzito, na kama mwombaji anaweza kusimama saa kumi na mbili mfululizo.

"Andika ndiyo," Reuben alisema. "Miguu anayo."

Aliandika ndiyo. Kisanduku kilichofuata kiliuliza mwaka wa kumaliza sekondari. Kalamu ilisimama. Damaris hakuthubutu kuinua macho.

"Weka ule wa kwanza, Madam," Reuben alisema taratibu. "Si walishasema alimaliza?"