Mama na Sungura wa Kamba

Baba alipofariki, mama aliacha kutoka nje. Hakuwa mgonjwa. Alipika, alifua, aliitikia salamu za majirani dirishani, ila mlango wa ile nyumba ya wafanyakazi wa reli pale Makongeni hakuuvuka isipokuwa kwenda kanisani, tena kwa kuvutwa. Mimi naishi Baba Dogo, nafanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki. Kila Jumapili nilipomtembelea nilimkuta kwenye kiti kilekile, miguu imevimba. Nilimsihi, nikamkaripia, nikamtishia kumpeleka kwa daktari. Alinitazama kama mtu anayengoja redio imalize matangazo. Niliogopa kwamba angemfuata baba, na hofu hiyo nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo.

Kwetu magharibi, mjane haendewi mikono mitupu, anapelekewa kuku. Binamu yangu mmoja alikuja kumpa pole akiwa amekosa kuku njiani, kwa hiyo akaleta sungura wa kijivu ndani ya katoni, akisema nyama ni nyama. Mama alimshukuru, akamwombea safari njema. Jioni akanipigia simu.

"Sungura mzima huyu, nimle peke yangu?"

Hakumchinja. Lakini alimpokea kwa njia aliyoijua, yaani kama kuku. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwetu hiyo si methali ya kupambia maneno tu. Kuku akiletwa, unamfunga kwenye mguu wa meza mpaka aizoee nyumba. Basi mama akamfunga sungura kamba ya manila mguu wa nyuma. Yule mgeni akala majani yote ya sukuma wiki yaliyokuwa jikoni, kisha akaanza kuitafuna kamba yenyewe. Mama akaamua kwamba ana hamu ya nyasi. Akaifungua kamba kwenye meza, akaishika ncha mkononi, akatoka.

Jirani ndiye aliyenipasha habari. "Kuja uone mamako anatembeza sungura kama mzungu!"

Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Niliwakuta kwenye njia inayopita kati ya nyumba za majirani, sungura mbele akichagua majani, mama nyuma akimngoja kwa subira ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuionja. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Nililia palepale, mbele ya watu waliokuwa wakichota maji, na wala sikuona haya.

Mtaani kwetu mnyama aliyefungwa kamba ama anauzwa ama anakwenda kuliwa, hakuna la tatu. Vijana waliokaa ukutani walimwita kama bibi yao, "Niaje shosho! Hiyo mboga unapeleka wapi?"

"Mboga ni wewe," mama akawajibu. "Huyu ni mgeni wangu."

Wakacheka mpaka mmoja akateleza ukutani. Tangu siku hiyo walimsalimia kila alipopita, naye akawa anatoka asubuhi na jioni. Uvimbe wa miguu ukaanza kupungua.

Ile kamba, hata hivyo, ilinikera. Nilikuwa nimemwona sungura akishtuliwa na pikipiki akaruka, mguu uliofungwa ukabaki nyuma. Nikapita kwenye duka la dawa za mifugo nikamuuliza muuzaji kama ni salama kumtembeza sungura kwa kamba. Aliuliza tumemfunga wapi. Nilipomwambia, alifumba macho. Akanieleza kwamba mifupa ya sungura ni myepesi na teke lake lina nguvu. Akishtuka akaruka huku kamba inamvuta, anaweza kuvunja mguu, hata uti wa mgongo. Shingoni ndiyo usiseme, atajinyonga. Kama ni lazima atembezwe, avishwe mkanda wa kifuani na tumboni, na asipelekwe penye mbwa. Nikacheka kwa uchungu. Makongeni gani hiyo isiyo na mbwa?

Fundi wa mikoba alinishonea mkanda laini. Mama alipomwona sungura amevishwa, alicheka hadi akashika mbavu. "Umemvalisha sidiria!" Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Nikajiambia basi, mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jumapili moja tulipokuwa tukitembea wote, mbwa alichomoka nyuma ya kibanda akibweka. Sungura aliruka juu, akajipinda hewani. Nilipiga kelele, "Shika, mama! Shika!" Mama akafungua mkono, akaiachilia kamba. Sungura akatimua mbio akaingia chini ya kibanda, na mbwa akafukuzwa kwa mawe. Nilimgeukia mama kwa hasira, nikamuuliza mbona amemwachia.

"Nimechunga mbuzi mimi," alisema, huku akihema. "Aliyeshtuka ukimvuta, unamvunja."

Tulimtoa chini ya kibanda akiwa mzima. Lakini hakula siku hiyo. Muuzaji wa dawa aliniambia kwenye simu kwamba sungura akikaa bila kula, tumbo lake linasimama, na anaweza kufa kwa ile hofu tu. Mama akaketi sakafuni kando yake, akimsogezea majani ya mchicha moja moja. Asubuhi sungura akatafuna jani la kwanza, na mama akanipigia simu kunieleza kana kwamba mjukuu amezaliwa.

Nikawa na jambo la kusema ambalo sikulitaka. Hakuna mkanda unaomkinga mnyama na hofu. Pale kwetu, penye mbwa na pikipiki, kumtembeza si salama, na nikinyamaza siku moja atakufa mikononi mwa mama. Nikisema, nitakuwa nimemrudisha mama kitini kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilizunguka nalo wiki nzima. Jumapili nikalisema.

"Basi asitoke," mama alisema. Akanyanyuka, akaingia chumbani, nami nikabaki nikimtazama sungura, nikijilaumu na kumlaumu yeye pia.

Mama akatoka na mfuko mtupu na kisu cha jikoni.

"Nyasi haziwezi kuja zenyewe," akaniambia, akatoka nje.

Nilimfuata kwa mbali. Alikwenda hadi kando ya reli, akainama, akakata majani akiyanusa kwanza kuhakikisha hayana dawa wala mafuta. Akarudi taratibu, mfuko umejaa. Mama mmoja anayechoma mahindi, rafiki yake wa siku nyingi, akamvutia kigoda.

"Kuja tukae kidogo, dada. Umepotea sana."

"Nitakaa kesho," mama alisema, akiuhamishia mfuko bega la pili. "Leo kuna mtu ananingoja nyumbani."