Boriti Zisizo na Tundu

Kila nisikiapo mtu akisema ajali haina kinga, nakereka. Ile yetu ilikuwa na kinga: misumari ya inchi nne, katoni nzima, imefungiwa stoo, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Ilikuwa miaka ya themanini, Malindi, hoteli zikiota ufuoni kama uyoga. Nilikuwa msimamizi, kijana wa kidato cha nne aliyedhani kusoma ramani ni kujua kujenga. Jukwaa la kupigia lipu tulilisimamisha kwa boriti za mikoko, na boriti zile zile, kazi ikiisha, zingepanda kuwa dari ya ukumbi. Kwa hiyo nikatoa amri: zifungwe kwa kamba ya makumbi tu, asipigilie mtu msumari. Wageni hawaji kutazama matundu.

Fundi wa lipu, Mgiriama wa Ganze aliyelingana na baba yangu, alinijia mara mbili. Kamba zilikuwa za mwaka uliopita, zimeliwa na jua. Mara ya pili aliniambia polepole, "Mwanangu, msumari mmoja tu kwa kila fundo. Matundu nitayaziba mwenyewe."

Nikamjibu kwamba boriti si kuni.

"Basi nikianguka, nami mnipandishe darini," akasema. "Sina tundu hata moja."

Mafundi wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Siku ya tatu fundo likateleza. Ubao ukainama, yule mzee akashuka nao hadi kwenye rundo la mawe, nyonga ikavunjika.

Kontrakta alipofika aliuliza ni nani aliyelifunga jukwaa lile. Mafundi wote wakanitazama mimi. Nikasema, "Alifunga mwenyewe."

Na kweli alifunga mwenyewe. Hakuna kinachoniudhi hadi leo kama ukweli wa maneno yale mawili. Akaandikwa mzembe, asirudi kazini, kana kwamba kwa nyonga ile angeweza kurudi.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwake, nimejiandaa kutukanwa. Nilimkuta kitandani, mkongojo kando. Nikamwamkia shikamoo, nikaungama yote: amri, ufunguo, jibu langu. Akasema ajali haina kinga. Nikamwambia ilikuwa nayo, na yeye ndiye aliyenionyesha.

Akauliza:

"Boriti zilipanda?"

"Zilipanda."

"Zina tundu?"

"Hazina."

"Haya," akasema, akamwita mkewe aniletee maji, maji waliyoyafuata mwendo wa nusu siku.

Nikayanywa. Ningefanyaje?