Hatua Aliyoikosa Bingwa

Mimi na mume wangu tulikuwa walimu Rulenge. Sataranji tulifundishwa na padre mmoja mzee wa misheni. Alitupa ubao na kete zake, pamoja na kipande cha gazeti la kwao kilichoeleza mchezo wa mabingwa wawili, hatua kwa hatua, mpaka mwenye kete nyeusi alipokubali kushindwa.

"Tafuteni alikokosea," padre alituambia.

Kila Jumapili baada ya misa tuliurudia mchezo ule. Mume wangu alimlaumu farasi aliyeruka pembeni mapema mno. Mimi nilimlaumu askari aliyesogezwa akamwacha mfalme wazi. Tulibishana hadi ndizi zikaungua jikoni.

Vita vilipoanza, mume wangu aliitwa pamoja na wanamgambo wengine. Lori liliwachukua kwa njia ya Biharamulo. Jumapili zikawa ndefu. Nilipanga kete peke yangu, nikicheza pande zote mbili, nikafika pale bingwa alipokata tamaa. Siku moja sikuishia hapo. Nilimwacha mfalme mweusi kwenye pembe yake, nikaitoa ngome yake nyeusi iliwe bure. Ikiliwa, mfalme mweusi hatishiwi, lakini hana pa kukanyaga, wala weusi hawana kete nyingine ya kusogeza. Kwa sheria za mchezo, hiyo ni sare. Isipoliwa, inazidi kumsumbua mfalme mweupe bila mwisho, nayo ni sare vilevile. Nilirudia tena na tena nikidhani nimejidanganya.

Mume wangu alirudi amekonda, sikio la kushoto halisikii vizuri. Nilipotoa ubao, aligeuka.

"Niondolee hao askari."

Nikaufungia sandukuni, sikumshurutisha. Alifundisha, alipalilia migomba, alisema machache. Tulikuwa tunapukuchua maharage uani aliponiuliza mwenyewe, "Ule mchezo, uligundua alikokosea?"

"Makosa yalikuwepo, lakini alikuwa hajashindwa. Alikubali tu mapema."

"Haiwezekani. Bingwa yule?"

Nikaleta ubao. Alihamisha kigoda ili sikio zima liwe upande wangu, akajaribu kuila ngome, kisha kuikwepa, kila njia.

"Kumbe alikuwa na njia," alisema, akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu arudi. "Umeipata peke yako?"

"Peke yangu."

Akasukuma ungo wa maharage kando, akapanga kete upya.

"Haya, Mwalimu, chukua nyeupe."

Nilicheza vibaya sana siku ile. Alinishinda, wala sikujali.