Chumvi Iliyoandikwa Daftarini

Mwaka uliofuata vita homa iliniacha mifupa mitupu. Nilikuwa kibarua kwenye matangi ya mafuta Changamwe, na ndoa yangu ilikuwa na miezi mitatu. Daktari wa zahanati akanipa dawa chungu kama shubiri, iliyotokana na mbegu za mti wa Bara Hindi. Sisi wagonjwa tuliinywa kwa matone, maana ikizidi ni sumu. Daktari alikuwa akichunguza kama inazidisha hisi, kwa hiyo kila Jumatatu dresa, msaidizi wake, alituuliza tunasikiaje na tunaonaje, akaandika daftarini.

Nami nilikuwa na mengi ya kusema. Panya wa jirani niliwasikia wakitafuna. Shati la kazini lilinikwaruza. Nilijiona mtu wa maana sana.

Siku moja mke wangu akanipakulia wali na mchuzi wa samaki. Tonge la kwanza nikalitema.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Akaonja, akanitazama. "Chumvi ni ile ile. Kama mkono wangu umekuchosha, nirudishe kwetu Magogoni ulikonitoa."

Ningenyamaza yangeisha. Nikarudia. Akafunga nguo zake ndani ya kanga, akakaa mlangoni kumngoja kaka yake. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa homa, lakini neno la kumzuia sikulipata.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyetangulia kufika ni dresa, ameniletea chupa mpya. Nikamweleza kisa, naye akafungua daftari kwa furaha.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "chakula chako hakina ila. Ni dawa imemwamsha mumeo ulimi."

Mke wangu akalichungulia daftari. "Kumbe ni dawa," akasema, akafungua kanga. Kwa furaha nilimaliza sahani nzima, kisha nikanywa maji nusu mtungi.

Dawa iliisha, nikanenepa, tukapata watoto sita. Juzi nilipowasimulia wajukuu habari za ulimi wangu wa ajabu, mke wangu alicheka hadi akashika ubavu.

"Siku ile nilitia chumvi mara mbili, bwana. Nilikuwa nawaza homa isikurudie, nikasahau. Nilipoonja nilijua. Lakini bibi harusi wa miezi mitatu angekubalije?"

"Na nguo ulizofunga?"

"Nilitaka uniambie nisiende."

Wajukuu wote wakanitazama mimi.

"Usiende," nikamwambia.